Anaimba au Anapiga Mayowe? Jinsi ya Kuzielewa Sifa za Soprano

Tarehe 6 Mei 2023, kabla ibada ya kumtawaza Mfalme Charles III haijaanza pale Westminster Abbey, mwanamke wa Afrika Kusini aliyevaa gauni la manjano alisimama akaimba. Jina lake ni Pretty Yende, mwimbaji wa opera mwenye sauti ya soprano. Wimbo wenyewe, Sacred Fire, ulitungwa na Mwingereza Sarah Class kwa ajili ya siku hiyo. Wahakiki wakamwagia sifa. Huku kwenye simu zetu mjadala ukawa mwingine: huyu dada anaimba au anapiga mayowe? Mbona maneno hayasikiki? Na hao wanaomsifia wanamsifia kwa lipi hasa, au ni ile tabia ya kusifu kitu kwa kuwa ni cha wakubwa?

Maswali hayo ni ya haki, na kusema kweli wapenzi wa opera wamezoea kuyajibu kwa dharau, jambo ambalo halimsaidii mtu. Jibu fupi ni hili: mhakiki anapomsifu soprano, mara nyingi hasifii utamu wa sauti kama tunavyoujua sisi tunaosikiliza redio. Anatoa taarifa ya kazi. Kilitakiwa kifanyike nini, na je, kimefanyika? Jibu refu linatutaka tuijue kwanza hiyo kazi.

Soprano ni sauti ya juu kuliko zote za kike. Aliyepitia kwaya ya kanisani anaijua. Ndiyo sauti ya kwanza, inayobeba wimbo huku ya pili, ya tatu na ya nne zikijazia chini. Opera ni tamthilia inayoimbwa, mara nyingi mwanzo hadi mwisho, pamoja na mavazi, jukwaa na okestra, yaani kundi la wapiga vyombo. Ilizaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 16, na L'Orfeo ya Claudio Monteverdi ya mwaka 1607 bado inachezwa hadi leo. Resitali ni shughuli nyingine kabisa: mwimbaji mmoja na mpiga piano mmoja, hakuna mavazi ya kuigizia wala kisa kimoja cha kuibeba jioni nzima, ni wimbo baada ya wimbo, mwingi wa dakika tatu au nne. Mhakiki naye ni mwandishi anayelipwa na gazeti lake aende akasikilize, kisha aeleze alichosikia. Kwa kawaida ukumbi humpa kiti cha bure, lakini ujira wake hautoki huko, kinyume na wanavyodhani wengi.

Simu imekupunja

Tuanze na lile la mayowe. Ukumbi wa Metropolitan Opera wa New York una viti karibu 3,800, na mwimbaji hapewi kipaza sauti. Maikrofoni unazoziona pale ni za matangazo ya redio na ya kumbi za sinema. Hazimsaidii aliye jukwaani. Kati yake na watazamaji kuna shimo walimokaa makumi ya wapiga vyombo. Mtu mmoja, kwa pumzi yake na nyuzi mbili ndogo zilizo kooni, anatakiwa asikike na aliyekaa kiti cha mwisho kwenye roshani ya juu kabisa.

Kwa nguvu tupu hawezi. Akishindana na tarumbeta, sauti itakuwa imekwisha kabla ya mapumziko. Anachofanya ni kile kinachofanywa na zumari kwenye ngoma za pwani. Zumari ni kitu kidogo mbele ya zile ngoma, lakini husikika mtaa wa pili kwa sababu sauti yake imekaa mahali ambapo ngoma hazifiki. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza jinsi waimbaji wa opera, hasa wanaume, wanavyokusanya nguvu ya sauti kwenye eneo la mitetemo kama 3,000 kwa sekunde. Hapo okestra huwa imelegea na sikio la binadamu huwa kali. Soprano akipanda juu hutumia mbinu ya jamaa moja na hiyo: hufungua kinywa zaidi kadiri nota inavyopanda, ili uwazi wa kinywa uende sawa na nota yenyewe na kuikuza. Ukiona picha ya soprano kinywa wazi kama yuko kwa daktari wa meno, hiyo si mbwembwe.

Sasa ingiza simu. Spika ya simu ni ndogo, haiwezi kutoa vizuri sauti za chini. Inachotoa ni za kati na za juu. Kwa hiyo sauti iliyofundishwa kwa miaka mingi ili ijaze ukumbi mkubwa wenye mwangwi inafika kwako imekatwa miguu, umebaki upande wake mkali tu. Si ajabu ukasikia yowe. Tafuta vifaa vizuri vya masikioni, rudia, utagundua kuna mwili chini ya ule ukali.

Kutosikika kwa maneno nako kuna sababu ya kimwili. Irabu tunazitofautisha kwa umbo la kinywa na mahali pa ulimi. Soprano akifika nota za juu analazimika kuachama, na hapo i na u zote zinaanza kuelekea a. Ile do ya juu ambayo mashabiki huisubiri kwa hamu ina mitetemo zaidi ya 1,000 kwa sekunde. Katika kimo hicho hata Kiswahili cha Unguja kingehitaji kuandikiwa pembeni. Ndiyo maana nyumba nyingi za opera huonyesha maneno kwenye skrini, juu ya jukwaa au mgongoni mwa kiti cha mbele yako, wakati mwingine hata opera ikiwa ya lugha ya wenyeji. Basi mhakiki anaposifu matamshi ya soprano, ujue anazungumzia nota za kati na za chini, ambako kisingizio hakipo.

Uzuri si kigezo cha kwanza

Mwaka 1848 Giuseppe Verdi alisikia kwamba opera yake ya Macbeth itachezwa Napoli, na kwamba sehemu ya Lady Macbeth, mke anayemsukuma mumewe kuua, imepewa soprano Eugenia Tadolini. Akaandika barua ya kupinga. Tadolini, alisema, ni mzuri wa sura na anaimba vizuri mno. Yeye alitaka mwanamke wa kutisha, na sauti ngumu, iliyobanwa, yenye giza. Soma tena: mtunzi anamkataa mwimbaji kwa kosa la kuimba vizuri.

Barua ile inaeleza mengi kuhusu kazi ya wahakiki hadi leo. Maria Callas, aliyefariki mwaka 1977 na ambaye bado anatajwa kila soprano mpya anapopimwa, hakuwa na sauti tamu kuliko wenzake. Hata waliomwabudu walikiri kuwa huko juu ilikuwa ikitikisika, na ilipopita kutoka sehemu moja kwenda nyingine ulisikia pale inapoungwa. Walimsifu kwa sababu hakuna neno lililopita kinywani mwake bila shabaha.

Uhakiki una msamiati wake, na kwa bahati si mkubwa. Legato ni kuunganisha nota bila nyufa, mstari mzima ukatoka kwa pumzi moja. Koloratura ni zile mbio za nota nyingi ndogondogo ambazo msikilizaji mgeni huziona kama mchezo wa koo. Rangi ya sauti ni kile kinachokufanya umtambue mtu akiita tu jina lako gizani. Mwimbaji hodari ana rangi kadhaa na huzibadilisha kufuatana na maneno. Halafu kuna pianissimo, kuimba kwa sauti ndogo kabisa, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wageni wanapopotea. Watu hupiga makofi kwa nota ya juu iliyopigwa kwa nguvu. Waliozoea hunyamaza kusikiliza nota ya juu inayoimbwa kwa sauti ndogo na kwa upole, kisha ikapunguzwa mpaka ikawa uzi, bila kukatika na bila kushuka kimo. Pumzi inapaswa kutoka kidogo sana na kwa usawa huku nyuzi za sauti zimekazwa. Ukinipa tiketi moja nichague kati ya soprano mwenye ngurumo na huyu wa pili, sisiti.

Lucia na damu kwenye gauni

Mfano wa kazi ya opera ni huu. Lucia di Lammermoor ya Gaetano Donizetti ilichezwa mara ya kwanza Napoli mwaka 1835. Lucia analazimishwa na kaka yake aolewe na mtu asiyempenda. Usiku wa harusi anamchoma kisu bwana harusi, kisha anatokea mbele ya wageni na nguo ya kulalia yenye damu, akili imemruka, akidhani ndiyo kwanza anafunga ndoa na yule aliyempenda. Kwa robo saa hivi jukwaa ni lake.

Kuna mahali okestra inanyamaza, ikabaki sauti ya Lucia na filimbi, zikifukuzana juu na chini. Wengi hudhani Donizetti ndiye aliyeandika mchezo huo. Hapana. Uliongezwa Paris mwaka 1889 kwa ajili ya soprano Nellie Melba wa Australia, Donizetti akiwa kaburini zaidi ya miaka 40. Yeye alikuwa amewaza chombo cha vioo kinachosuguliwa kwa vidole vilivyoloweshwa, chenye sauti ya kutia baridi, na siku hizi baadhi ya nyumba za opera zimekirudisha.

Mhakiki akikaa hapo anasikiliza vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni ufundi: nota zote zimetoka safi, kimo hakijashuka, nota ya mwisho ya juu imefikiwa bila kunyakuliwa? Cha pili ndicho kinachotenganisha uhakiki wa kusifu na wa kuvumilia: je, zile mbio za nota ni akili inayoteleza, au ni mwimbaji anayetuonyesha kwamba anaweza? Soprano wengi hufaulu cha kwanza, wakaifanya robo saa ile kuwa sarakasi. Yende ameiimba Lucia Paris mwaka 2016 na New York mwaka 2018, na sifa zinazorudiwa sana kumhusu ni wepesi wa koloratura, mng'aro wa nota za juu na uhai wake jukwaani.

Jambo jingine la opera ni kwamba mwimbaji hayuko peke yake kwenye mizani. Septemba 2019 Yende aliimba Violetta katika La traviata ya Verdi kwenye Palais Garnier, Paris. Mwongozaji Simon Stone alimgeuza Violetta, malaya wa kitajiri wa karne ya 19, kuwa mwanamke maarufu wa mitandaoni wa leo, na skrini kubwa zikionyesha ujumbe wa simu. Mhakiki anaweza kuchukia skrini zile na bado akamsifu aliyeimba mbele yake. Ukisoma kichwa cha habari peke yake utachanganyikiwa: onyesho limepondwa, soprano amepaa.

Piano moja, mikono mitupu

Sasa tuje kwenye resitali. Wigmore Hall ya London, iliyofunguliwa mwaka 1901, ina viti kama 550. Hapo hakuna okestra ya kuipenya, na anayekusikiliza anaona nyusi zako. Sauti inayojaza Metropolitan inaweza kuuponda wimbo wa dakika tatu.

Franz Schubert alikuwa na umri wa miaka 17 alipotunga Gretchen am Spinnrade mwaka 1814, kwa maneno ya mshairi wa Kijerumani Goethe. Msichana anasokota uzi huku akimuwaza mwanamume aliyemvuruga. Mkono wa kulia wa mpiga piano unazunguka bila kupumzika, ndilo gurudumu. Msichana anaanza kumtaja mtu wake, mwendo wake, tabasamu, macho, maneno, mkono ulivyomshika, halafu busu lake. Piano inakatika. Gurudumu limesimama, kazi imesahaulika. Kisha piano inagusa kidogo, inasita, inagusa tena, mpaka mzunguko unarejea.

Katika kusitasita kule mwimbaji haimbi kitu. Amesimama tu kando ya piano. Lakini akilegeza mabega, au akavuta pumzi mapema kama mtu anayesubiri zamu yake, wimbo umevunjika na kila mtu ameona. Mhakiki wa resitali anaandika kuhusu mambo kama hayo: ukimya, mpangilio wa nyimbo, namna mwimbaji alivyobadilika kutoka mtu mmoja hadi mwingine kwa sekunde chache bila kubadili nguo, na mazungumzo yake na piano.

Kwa hiyo sifa za opera hazihamii kwenye resitali zenyewe, wala za resitali kwenye opera. Jessye Norman, Mmarekani aliyefariki mwaka 2019, alijiondoa kwenye jukwaa la opera katikati ya miaka ya 1970 ili sauti yake ikomae, akaendelea na resitali na matamasha, akarudi mwaka 1980. Wala sifa za opera moja hazihamii nyingine. Leontyne Price, soprano mweusi kutoka Mississippi, aliingia Metropolitan tarehe 27 Januari 1961 katika Il trovatore ya Verdi, na makofi ya usiku ule yanatajwa kuwa ya dakika 42. Miezi michache baadaye, katika ukumbi uleule, aliimba La fanciulla del West ya Puccini, ambayo ni nzito zaidi kwa soprano. Katika onyesho la pili sauti ilimkauka, akawa anasema maneno badala ya kuyaimba, na mwenzake akaletwa kumalizia.

Sifa za kutiliwa shaka

Makofi peke yake si ushahidi. Katika Paris ya karne ya 19 walikuwepo wapiga makofi wa kulipwa, wenye kiongozi wao na bei zao, wakipangwa ukumbini kabla watu hawajaingia. Leo hawapo kwa namna ile, ila watazamaji bado hushangilia kwa sababu nyingi: tiketi ilikuwa ghali, au mwimbaji ni wa kwao.

Sifa zilizoandikwa nazo zina daraja. "Sauti ya kimalaika" haisemi kitu. Ingeweza kuandikwa na mtu asiyefika ukumbini. Mhakiki akisema soprano alitandaza mstari wa tendo la tatu, yaani sehemu ya tatu ya opera, kwa pumzi moja na okestra ikalazimika kupunguza mwendo imfuate, huyo alikuwepo. Akisema "aliimba kwa uangalifu", angalia vizuri, huenda anakwambia kwa adabu kuwa sauti ilikuwa imechoka.

Halafu kuna sifa za historia ya mtu, zinazochanganywa sana na sifa za kazi. Ya Yende inasimuliwa kila mahali: msichana wa Piet Retief, Mpumalanga, mwenye miaka 16, anasikia kwenye televisheni tangazo la shirika la ndege lenye wimbo wa sauti mbili wa opera ya Lakmé, kesho yake anamuuliza mwalimu ni kitu gani kile. Ni kisa kizuri na ni cha kweli, lakini huruka miaka ya chuo kikuu cha Cape Town na ile ya akademia ya La Scala, nyumba ya opera ya Milan. Usiku wake wa kwanza Metropolitan, tarehe 17 Januari 2013, aliingia kuziba pengo katika Le Comte Ory ya Rossini, akiwa ameitwa kwa taarifa fupi. Alipotokea jukwaani alijikwaa akaanguka. Akainuka, akaimba. Watu hupenda kusimulia alivyoinuka. Kwa mhakiki, swali lilikuwa koloratura ya Rossini iliyofuata, tena akiwa amesimama karibu na Juan Diego Flórez, mmoja wa mabingwa wa mtindo huo.

Na kuna sifa moja ambayo msomaji wa Afrika ana haki ya kuikunjia uso. Kwa miaka mingi soprano weusi wamesifiwa kwa maneno ya "giza", "moshi" na "asili", hata sauti ikiwa nyepesi na ya kung'aa. Koo halina kabila. Ukikuta neno "asili" kwenye uhakiki, jiulize kama mwandishi ameelezea alichosikia au alichokiona kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Mwisho, usishangae wahakiki wawili waliokaa safu moja wakipingana. Tendo la kwanza la La traviata linafungwa na Violetta akiimba Sempre libera, na soprano wengi humalizia kwa nota ya juu sana ambayo ukumbi huipigia kelele. Verdi hakuiandika. Kuna waongozaji wa okestra, Riccardo Muti akiwa anayejulikana zaidi, wasiotaka nota za kuongezwa namna hiyo. Basi soprano asiyeipiga, mhakiki mmoja ataandika kwamba ameikwepa, na mwingine atamsifu kwa kufuata kilichoandikwa. Kabla ya kuamua nani ana haki, angalia jina la kiongozi wa okestra. Yawezekana soprano hakuulizwa.